Uso wa Kumkum Kwenye Bango

Siku matokeo ya mtihani wa wakaguzi wa kodi yalipotoka, watu wa Guruji Tripurari, mwenye kituo cha kufundishia mitihani, walifika kwa kina Kumkum kabla hata shangazi zake hawajapigiwa simu. Walikuja na ngoma mbili, mpiga picha, shada la maua ya rangi ya machungwa na boksi la ladu, vile vitamu vya mviringo. Tripurari mwenyewe aliteremka garini, akamvisha Kumkum shada, na msichana alipofungua kinywa kusema, "Lakini mimi si mwanafunzi wako," alisukumiwa ladu zima mdomoni. Kamera ikapiga. Ndio ufundi wa biashara ile: mshindi hulishwa kitamu kwanza, kusema ni baadaye, na hiyo baadaye haifiki.

Mji mzima wa Patna, kule India, unaujua mchezo huu, na mji mzima unajitia hamnazo. Nenda mtaa wa Musallahpur, kwenye vituo vya kufundishia mitihani ya serikali, utaona sura moja imetundikwa kwenye mabango ya vituo vitatu wiki hiyo hiyo, na kila mwenye kituo anaapa kwamba ni yeye aliyemlea. Hakuna anayeona haya. Kumkum alishika nafasi ya tisa katika jimbo zima, na alama zilizompandisha zilikuwa za Kiingereza. Kwa Tripurari, hiyo ilikuwa nyama iliyonona.

Ukweli ni kwamba Kumkum aliwahi kukaa kwenye ukumbi wa Tripurari siku kumi na mbili tu, miaka miwili nyuma. Vijana mia nane, kipaza sauti kimoja, na Guruji akiwaimbisha mizizi ya Kilatini na Kiyunani iliyojificha ndani ya maneno ya Kiingereza, kwa makelele ya kufukuzia ndege shambani. Port, kubeba! Tele, mbali! Phone, sauti! Siku ya kumi na mbili wakafika kwenye candid, nyeupe, na Guruji akasema mzizi huo umo ndani ya candidate, neno la mtu anayeomba cheo. Kumkum akanyoosha mkono.

"Guruji, kuomba cheo na weupe vinahusiana nini?"

Tripurari aliangua kicheko ndani ya kipaza sauti. "Binti wa tarishi anataka kujua kwa nini! Kompyuta inayosahihisha haiulizi kwa nini, mama. Kamuulize babako, labda alikutana nalo kwenye mafaili anayobeba."

Vijana mia nane wakacheka. Kumkum akachukua mkoba wake akatoka, masikio yakimwaka moto, na hakurudi tena.

Aliyemjibu alikuwa Miss Philomina Kujur, mwalimu mstaafu aliyekaa nyuma ya kanisa la Kurji. Alikuwa wa kabila la Waoraon, kutoka vijiji vya Gumla. Masista walimfundisha Kilatini ili aimbe vizuri kanisani, na padri mmoja mzee akamwongezea Kiyunani kwa kukosa mwingine wa kumfundisha. Alijibu huku akichagua dengu kwenye ungo. "Roma ya zamani, aliyeomba cheo alivaa shuka iliyopakwa chaki, watu waone alivyo safi. Usafi wa chaki, mwanangu, mvua ikinyesha kwisha habari. Kaa hapo."

Kumkum akakaa kwenye mkeka miaka miwili. Miss alikuwa na mtindo wake: kila mwanafunzi alipewa mzizi mmoja wa kuishi nao wiki nzima, autafute barabarani, kwenye vibao vya maduka, pakiti za dawa, ubavuni mwa malori. Ukirudi bila maneno kumi unaosha vyombo. Kumkum aliosha vyombo mara nyingi mwanzoni. Kisha siku moja, akipita stesheni, alimwona mbeba mizigo na sanduku kichwani, akalisikia jina la kazi yake kwa Kiingereza, porter, likipasuka na kubeba kukatoka ndani yake, na akasimama pale katikati ya watu akicheka peke yake. Tangu siku hiyo Kiingereza hakikumtisha tena.

Sasa Tripurari, kabla ya kupanda garini, aliacha barua. Chanda, mdogo wake Kumkum, atapewa kiti cha safu ya mbele miaka miwili, masomo yote, na kitanda hosteli, bila kulipa chochote. Kumkum atakachofanya ni kunyamaza.

"Kunyamaza ni kazi gani?" alisema baba yao, Jageshwar, akiipapasa ile barua. "Mimi nimenyamaza mahakamani miaka ishirini na sita. Chanda hesabu zinamshinda. Wewe kazi inakupeleka mbali. Nani atamfundisha? Yule bibi wa kanisani anajua hesabu?"

"Hajui, Baba."

"Basi."

Chanda alikuwa palepale anakunja nguo. Alikunja shati lilelile mara tatu, na hilo lilimuuma Kumkum kuliko maneno ya baba.

Akaenda Kurji. Alitaka Miss akasirike, avunje hata kikombe. Miss akamimina chai.

"Mpe mdogo wako kiti. Maneno haya si yangu. Mimi niliyapata kwa masista, masista kwa marehemu. Bango la nini mimi?"

"Miss, wamesema ni yeye!"

"Nimesikia." Bibi aliweka birika chini. "Miaka arobaini nimefundisha, Kumkum. Sitakudanganya kwamba haiumi. Lakini kunywa chai."

Kumkum hakuinywa. Alitoka pale amepandwa na mori.

Asubuhi bango lilikuwa limekwisha kutundikwa juu ya mlango wa ukumbi, refu kama nyumba. Uso wake mashavu yamevimba kwa ladu, mkono wa Tripurari mdomoni mwake, na chini maandishi mekundu: NAFASI YA TISA, TUNDA LA MIZIZI YA GURUJI. Wanafunzi walikuwa wakimiminika darasani. Kumkum alilitazama hadi macho yakamchonyota. Walikuwa wamemziba mdomo, sasa wamemtundika juu hivyohivyo, mdomo umezibwa.

Kule kwao, anayetakiwa kufedheheshwa hadharani hupakwa uso weusi. Mwizi hupakwa, mwanasiasa aliyetukana watu hupakwa. Hakuna aliyewahi kusikia mtu amejipaka mwenyewe. Kumkum aliingia duka la vifaa, akanunua kopo la rangi nyeusi na brashi pana, akaazima ngazi ya mafundi waliokuwa wakinywa chai, akapanda.

Alipofika nusu, ngazi ikacheza, halafu ikatulia. Akatazama chini. Chanda alikuwa ameishika kwa mikono miwili, anahema, kandambili moja imepotea njiani. Moyo ukamlipuka Kumkum. Amekuja kunishusha, alifikiri, na ana haki.

"Ukisema nishuke, nashuka," akamwambia.

"Ngazi yenyewe mbovu, Dada. Paka upesi."

Brashi ya kwanza ilikata paji la uso. Ya pili ikameza macho. Watu wakaanza kupiga kelele, simu zikainuliwa, darasa zima likamwagika nje, na Tripurari akatoka na kipaza sauti kifuani.

"Shuka! Msichana gani anajipaka masizi mwenyewe?"

"Huyu si mimi, Guruji!" Kumkum alipaza sauti, na ilitoka kubwa kuliko alivyotegemea. "Mimi hapa nilikaa siku kumi na mbili, ukanicheka. Nimefundishwa na Miss Philomina Kujur, nyuma ya kanisa la Kurji. Philomina Kujur! Mkimuuliza kwa nini, anawajibu!"

Kijana mmoja chini akarudia jina lile, kisha mwingine akauliza ni kanisa lipi.

Tripurari akamgeukia Chanda, sauti imeshuka. "Na wewe jua kiti chako cha mbele kimekwenda."

Chanda hakuachia ngazi.

"Kaa nacho, Guruji. Kwa Miss hakuna viti. Tunakaa chini." Kisha akainua uso. "Dada, sikio la kushoto bado linaonekana."