Mtoto Hakutusumbua

Jumapili ya kwanza ambayo Linnea hakuja kula, Arlys alikuwa ameshaoka nyama ya kusaga na viazi, upande mmoja bila vitunguu kwa sababu binti yake havili. Yeye na mumewe Vernon walingoja mpaka chakula kikapoa.

Arlys alijua kisa. Linnea, mtu mzima mwenye kazi yake huko Duluth, alikwenda kupimwa na mwanasaikolojia ili ajue kama ana usonji, na kwa nini maisha yote amechoshwa na mambo ambayo wenzake hata hawayaoni. Kipimo kilihitaji mtu aliyemjua utotoni, kwa hiyo mwanasaikolojia akampigia mama simu.

Mama akajibu kama watu wa kwao wanavyomjibu mgeni anayeuliza habari za nyumbani: hakuna neno, mtoto hakutusumbua. Alicheza na wenzake? Alicheza. Marafiki? Alikuwa nao. Akakata simu akiamini amemsitiri mwanawe.

Majibu yakatoka kwamba dalili za utotoni hazikuonekana, hivyo usonji hauwezi kuthibitishwa. Linnea akapiga simu. Hakufoka.

"Mama, watu wakinywa kahawa kanisani baada ya ibada, mimi nilikuwa nakaa wapi?"

Linnea akajijibu mwenyewe.

"Chini ya meza. Na wewe ndiye uliyekuwa ukiniletea biskuti."

Kweli. Alikuwa akiinua kitambaa cha meza, anampa, anakishusha, kisha anawaambia wenzake mtoto ana usingizi. Hata lebo za nguo alizikata zote kwa mkono wake, maana binti alizililia kama anayechomwa moto. Alijua siku zote. Aliona haya tu kumwambia mtu.

Mezani Jumapili hiyo, Vernon alijipakulia upande wenye vitunguu. "Yeye eti hakutusumbua," akasema. "Mimi ulinisema kwa daktari mpaka kukoroma kwangu."

Arlys hakucheka.

Kesho yake alimpigia mwanasaikolojia, akaanza na ile meza, akasimulia mpaka sauti ikakauka. Akaambiwa kipimo kinaweza kufunguliwa tena, ila Linnea mwenyewe lazima akubali kwanza. Akamwachia binti yake ujumbe, akasema alichosema mara ya kwanza na alichosema sasa.

Linnea hajajibu. Kila Jumapili Arlys anaoka, upande mmoja bila vitunguu.