Kibudu

Fahali alifia kwenye lori kabla hajafika mjini. Njia ya kutoka Usinge ilimmaliza. Mrisho, mchinjaji wa machinjio alikopelekwa, alimgusa jicho, likabaki limekodoka. Akakirudisha kisu kwenye ala.

Bi Najiat, mwenye machinjio na bucha la Kanyenye, alimwambia kwa upole, kama anayeomba chumvi kwa jirani, kwamba asome bismillahi, apitishe kisu, yaishe.

"Huyu ni kibudu, mama. Jina la Mungu siliweki juu ya mzoga."

"Nimekuajiri uchinje, Mrisho. Fatwa sikukuomba."

Siku ileile kazi akapewa mtu mwingine, na nyama ikauzwa. Mrisho akaenda kwa Maalimu Kapama, imamu wa mtaa wao, akamweleza yote. Maalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama ana shahidi, halafu akamkumbusha mabati ya msikiti yalitoka kwa nani. Majirani nao walimshauri aombe radhi, maana ana mke na mtoto. Aliomba radhi. Bi Najiat akampa kibarua cha kuzoa mavi zizini, kwa ujira usiotosha hata unga, na wachinjaji wenzake wakawa wanamtania, wakimwita Sheikh. Mrisho aliwachukia wote. Alimchukia Bi Najiat, lakini hao waliokula wakanyamaza aliwachukia zaidi.

Bi Najiat alipokaribia kumwoza binti yake, Mrisho alikuwa zizini na koleo lake wakati ng'ombe wa karamu akishushwa kutoka kwenye lori. Alishushwa kwa kuburutwa na kamba, shingo imelegea. Mrisho akaendelea kuzoa mavi. Kesho yake alioga, akavaa kanzu, akaenda arusini, akaketi karibu na mlango. Pilau hakuigusa. Aliwatazama wakimega, Maalimu akichagua minofu, na kila tonge lililoshuka lilimpa raha. Masinia yalipofika nusu, akasimama.

"Mnakula kibudu. Nimemwona akishushwa, kafa."

Watu wakaacha kutafuna. Maalimu akauliza alijua tangu lini.

"Tangu jana. Nilitaka mle kwanza. Siku ile uliniuliza shahidi, Maalimu. Leo kila mtu anaye wake tumboni."

Vijana wakamrukia. Walimshutumu kwamba amewalisha Waislamu haramu kwa makusudi, na kweli alikusudia, hakukana. Mikono yao ilikuwa na mafuta, ikateleza kwenye kanzu, wakamkamata upya shingoni. Wakamburuta hadi nje, wakampiga mpaka akaanguka mlangoni.

Pale nje wageni wa mkupuo wa pili walikuwa wameshanawa mikono. Walisikia kila neno. Bi Najiat akatokea, akawaomba radhi kwa usumbufu, akawaambia karibuni, chakula kinapoa. Wakatazamana. Kisha wa kwanza akainua kanzu yake kidogo, akamruka Mrisho, akaingia, na wengine wakamfuata.