Nyumba ya Watu Watano

Mjomba aliniambia niandike wasifu wa baba kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Si kwa sababu mimi ni kifungua mimba, wala kwa sababu nilimuuguza baba miezi saba mpaka mikono yangu ikanuka dawa ya kuchua. Mwandiko! Nikameza. Mjomba ni kaka yake mama, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa shughuli nzima, na mtu hagombani na mwenyekiti asubuhi ya kuzika.

Tulikuwa tunazika saa nane mchana. Nikajifungia chumbani kwa wazazi na karatasi mbili, kalamu, na sanduku la chuma la baba, lile la kijivu alilotoka nalo jeshini. Mimi ni karani wa masjala hospitalini. Miaka kumi na tisa nimepokea fomu za watu, na nikiwa na fomu mkononi najiona mtu mwenye akili zake timamu. Nilijua tarehe zote nitazikuta humo: lini alizaliwa, lini aliingia jeshi la wanamaji, lini alitoka akiwa sajini, lini aliajiriwa idara ya maji kutengeneza pampu. Majirani walimwita Nahodha. Yeye aliwajibu, "Nahodha ana meli. Mimi nina baiskeli," halafu akapanda baiskeli yake akaenda kwenye pampu zake.

Nilianza vizuri. Niliandika kwamba alikuwa mtu wa familia, na hapo sikuhitaji karatasi yoyote. Baba alitupigia pasi sare za shule sisi wanne mpaka mapacha, wadogo zetu wa mwisho, walipomaliza masomo. Vifungo alishona mwenyewe, kwa mshono wa jeshi. Shati lilikuwa linachakaa linageuka tambara la kudekia, kifungo bado kimeng'ang'ania. Na kila jioni kabla ya kufunga mlango alituhesabu. Mkono wa kushoto mfukoni, wa kulia unagusa kichwa kimoja kimoja, akianzia kwa mama: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. "Watano, kamili," anasema, ndipo komeo linaingia. Hata nilipokuwa msichana mkubwa, nimetoka kusukwa na sitaki kuguswa, alinigusa hivyohivyo na mimi nikamnunia hadi asubuhi. Leo ningempa kichwa changu akiguse mchana kutwa.

Mlango ukagongwa, akaingia Wakili. Wakili ni mdogo wangu anayenifuata. Hajasomea sheria hata siku moja, anauza vipuri vya magari, ila tangu anaota meno hakuna jambo alilolikubali bila ushahidi. Akakaa kitandani akaanza kupekua karatasi nilizozitandaza.

"Dada, hebu angalia hii."

Ilikuwa fomu yangu ya kuanza shule. Idadi ya watu wanaoishi nyumbani: watano. Nikacheka, maana mwaka ule mapacha walikuwa wameshazaliwa. Akanipa nyingine, ya nyumba ya idara. Watano. Kadi ya zahanati, watano. Karatasi ya bima, watano, na nyingine tatu vilevile. Zote kwa mwandiko wa baba, herufi zimesimama wima kama ziko gwaride.

"Mama, wewe, mimi, mapacha," Wakili alihesabu kwa vidole. "Na yeye. Tuko sita, Dada."

"Alikosea."

"Mara saba?"

Mtu akikosea mara moja namrudishia fomu arekebishe. Akikosea mara saba, huyo amekusudia. Wakili akavuta picha yetu ya studio, ile ambayo tuko watano na kiti kitupu pembeni. Nilikumbuka siku ile. Mpiga picha alimbembeleza baba akae, naye akasimama nyuma ya kamera, ameshika mkoba wa mama, akisema wapo wote, piga tu.

"Mtu akijitoa kwenye nyumba moja," Wakili alisema polepole, "ujue kuna nyumba nyingine amejiweka."

Nilitaka kumrushia sanduku. Nikamwambia ana roho ya kutu kama vipuri vyake. Lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza kuniwanga, kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza hilohilo, na nilikuwa namchukia kwa kulisema kwanza.

Kelele zetu zikamleta Mjomba. Akaelezwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyekuwa akiingojea habari hiyo tangu dada yake aolewe. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja," alisema. Akachukua kalamu yangu, na pale nilipoandika "ameacha mke na watoto wanne" akaongeza kwa mkono wake: na wengineo.

"Wengineo ni akina nani?" nikauliza.

"Ni bima. Akitokea mtu, yumo. Asipotokea, ni mabinamu."

"Mjomba, mama atakuwa amekaa mbele. Majirani wakisikia 'wengineo' wataanza kumhesabia wake wenza palepale kaburini."

"Bora aibu ya neno moja," alisema, "kuliko mtu mzima asimame katikati ya mazishi aseme na mimi ni mwanawe."

Akatoka na kalamu yangu. Nikabaki natazama lile neno. Ningeweza kulifuta, lakini ningelifuta kwa lipi ninalolijua? Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimemgeuza yule mzee kitandani miezi saba, najua kila kovu mgongoni mwake, na sikujua kama alikuwa wetu.

Nikaenda sebuleni, mama amekaa chini kati ya wanawake wenzake. Nikachuchumaa nikamnong'oneza sikioni. "Mama, kwenye fomu zote baba ameandika watano. Kwa nini?"

Hakushtuka. "Nilimuuliza mapacha walipozaliwa. Akasema, 'Mimi niko zamu.' Nikacheka."

"Zamu gani?"

"Sikuuliza. Mwanamume anakupigia pasi nguo za watoto, umuulize zamu gani?" Akaanza kucheka, katikati ya kicheko akalia, na mimi nikalia naye, na nilipoinuka nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Uani viti vilikuwa vimejaa. Pembeni kabisa, karibu na tangi la maji, alikaa mzee mmoja mwembamba mwenye shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni. Nilipopita akaniita kwa mkono. Kila alipovuta pumzi kifua chake kilipiga mluzi.

"Wewe ndiye wa pili," alisema.

"Shikamoo. Wa pili wa nini, mzee?"

"Marahaba. Mama yako wa kwanza, wewe wa pili. Halafu huyo kaka mwenye maneno mengi, halafu mapacha."

Mtu nisiyemjua, anajua baba aligusa vichwa vyetu kwa mpangilio gani! Nikawaza, basi, ndiyo hii nyumba ya pili imefika. Nikampungia mkono Wakili aje, maana kama ni kuanguka tuanguke wote.

"Baba yetu umemfahamu wapi?" Wakili akauliza, na sauti yake ya mahakamani.

"Melini. Wananiita Filimbi. Jina alinipa yeye, na kifua hiki alinipa yeye."

Akatueleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Ilikuwa miaka arobaini na nne iliyopita, kabla yeyote kati yetu hajazaliwa. Moto uliwaka chumba cha injini. Baba alikuwa kiongozi wa watu kumi na wawili humo. King'ora kikilia, wote wanapanda sitaha, kiongozi anawahesabu. Idadi ikitimia, milango ya chuma inafungwa na gesi ya kuzimia moto inafunguliwa chini, gesi ambayo haizimi moto tu.

"Sasa kuna kanuni," Filimbi alisema. "Anayehesabu hajihesabu. Orodha ni ya watu wake, yeye hayumo. Baba yenu alikuwa hajapata kuhesabu kwenye moshi. Alianzia hapa." Akagusa kifua chake. "Mmoja. Akaendelea mpaka kumi na wawili. Akapiga kelele: kumi na wawili, kamili. Wakafunga."

"Wewe ulikuwa wapi?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Mimi ndiye niliyekuwa wa kumi na mbili."

Alipigapiga bomba kwa spana. Gesi ilikuwa imeshaanza kuingia. Baba akaisikia ile spana, akahesabu upya, akaelewa. Hakungoja amri ya mtu. Alifungua mlango, akajifunga kitambaa cha maji mdomoni, akashuka, akamburuta Filimbi kwa ukosi wa shati mpaka juu.

"Ndiyo ile nishani ya ushujaa," Wakili alisema. Nishani tuliijua. Ilikaa chini kabisa ya sanduku, imefungwa kwenye soksi, na tulidhani baba hapendi kujisifu.

"Walimpa kwa kunitoa. Aliyenifungia hakuna aliyeuliza. Aliniambia mwenyewe hospitalini siku ya tatu, analia kama mtoto. Nikamwambia nyamaza, usiharibu kazi yako. Na mimi nikanyamaza. Kila tulipoonana aliniambia habari zenu, nani amekua, nani anaguswa baada ya nani. Tangu siku ile hakujihesabu tena popote. Ule mkono wa kushoto aliutia mfukoni kwa kuogopa usije ukamgusa kifuani."

"Ulimsamehe?" Wakili akauliza. Safari hii sauti ya mahakamani ilikuwa imemwisha.

Filimbi akafikiri. "Siku nyingine. Nikiwa napanda ngazi, hapana."

Nilitakiwa nipumue. Hakuna nyumba ya pili, hakuna mke wala mtoto wa pembeni, Mjomba na bima yake wameumbuka. Badala yake nilishikwa na kitu kingine, nikawa sijui nishike lipi niache lipi. Shujaa wetu alimfungia mtu ndani ya moto. Aliyemfungia mtu ndani ya moto ndiye aliyeshuka kumtoa. Na kila jioni ya utoto wangu, mkono ule uliotua kichwani kwangu, ulikuwa unanigusa mimi, au ulikuwa unamtafuta mzee huyu kwenye moshi?

Nikamuuliza hivyohivyo, bila adabu ya kuzungukazunguka. "Alikuwa anatupenda, au alikuwa anaogopa?"

Filimbi alivuta pumzi, kifua kikapiga mluzi. "Hilo sijui, binti yangu. Nilidhani wewe ndiye unayejua."

Tukaenda makaburini. Saa nane nilisimama na karatasi yangu. Neno la Mjomba nilikuwa nimelikata kwa mistari mitatu, kwa kalamu ya kuazima, na yeye hakujua. Nikasoma tarehe za jeshi. Nikasoma kwamba alimtoa mwenzake kwenye moto. Hapo nikanyanyua macho kumtafuta Filimbi. Alitikisa kichwa, na mpaka leo sijaelewa kama ilikuwa ndiyo, au ni shingo tu ya mzee aliyechoka kusimama. Nikaruka jambo lililobaki. Kama nimekosea, nimekosea.

"Ameacha mke na watoto wanne," nikasoma. Mjomba akakohoa, anangoja. Nikaendelea, "Katika nyumba yake tuliishi watu sita."

Majirani wakatazamana. Hawakujua kwa nini jambo wazi kama hilo liandikwe. Wakili alijua. Aliinamisha kichwa na mabega yake yakaanza kutikisika, na nilikuwa sijamwona akilia tangu alipovunjika mkono akiwa darasa la pili.

Baada ya kuzika tukarudi getini, kwenye gari la kukodi. Watu walikuwa wanasukumana, jua kali, dereva ana haraka. Mama akasimama mlangoni hataki kupanda.

"Mwanangu, hesabu watu wetu kwanza," akaniambia. "Sijazoea kuondoka bila kuhesabiwa."

Nikawapanga kando ya gari. Karatasi ya wasifu nilikuwa nimeikunja mfukoni, nimeishikilia kwa mkono wa kushoto isipotee. Kwa mkono wa kulia nikagusa: mama, Wakili, pacha wa kwanza, pacha wa pili.

"Wanne," nikasema.

"Tuko watano," mama akasema.

Nikahesabu tena. Nikapata wanne. Nikageuka kutazama makaburini, nani tumemwacha kule? Kulikuwa na Filimbi peke yake anakuja taratibu, na wachimba kaburi wanakung'uta majembe. Nikarudi kwa mama, nikagusa vichwa mara ya tatu, machozi yananichanganya, wanne, wanne, nani hayupo, jamani, nani hayupo?

Mama akanishika mkono wa kulia, akaugeuza, akaubandika kifuani kwangu.

"Watano, kamili," akasema. Tukapanda, na dereva akafunga mlango.