Tone Jekundu Chini ya Skrubu

Faida aliitikisa ile pawabanki karibu na sikio, akasikia mchanga. Akaitikisa tena, polepole. Betri ya kuchajia simu haitoi sauti. Hii ilitoa sauti ya punje zinazohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Lucien, motari aliyeirudisha, alikuwa bado juu ya pikipiki mlangoni, maji ya mvua yakimchuruzika kutoka kwenye kofia. Alisema Madame Carine wa Muhumba ameikataa: haichaji, anataka pesa yake Jumatatu hii hii. Faida akachukua turnavisi, akafungua skrubu ya chini. Ndani mlikuwa na betri moja ndogo kama kidole, na mchanga uliofungwa kwa plastiki. Chini ya skrubu hapakuwa na kitu.

"Hii haiko yangu," alisema.

Lucien alimwonyesha simu yake, akageuza macho barabarani.

Kila pawabanki aliyouza Faida ilipita kwanza mikononi mwake. Aliifungua, akaipima, akaweka tone la verini nyekundu ya kucha chini ya skrubu, akaifunga. Alianza hivyo mwaka juzi, baada ya mteja kumrudishia redio iliyokwisha kubadilishwa matumbo. Hakumwambia mtu. Hakuwa na duka wala bango. Alikuwa na picha katika grupu ya WhatsApp yenye watu mia nne, na katika grupu ile kilichouza vitu ni jina la mtu.

Sasa jina lake lilikuwa mle, chini ya picha yake ya Pasaka. Madame Carine alikuwa ameandika: Muangalie huyu mama vizuri. Muizi.

Zabibu, aliyesimamia grupu, alituma sauti jioni. Hakumtukana. Alimkumbusha tu kanuni ambayo wote waliikubali tangu wauzaji wawili walipopigana hadharani: ugomvi wa kitu kilichorudishwa unaisha kwa karatasi ya ofisi ya usalama yenye kashe, yaani muhuri. Bila kashe, muuzaji anatolewa.

"Nakupa siku tatu, dada," alisema. "Miye nakujua. Lakini batu mia ine habakujue."

Ofisi ilikuwa katika depo ya zamani ya saruji. Ukutani bei za mifuko zilikuwa bado zimeandikwa kwa chaki, na vumbi la kijivu lilikaa juu ya kila kiti. Mtu mwenye bunduki aliandika majina ya Faida na Madame Carine mlangoni. Ndani, Chef Bruno, mkuu wa ofisi, aliwapokea kwa sauti ya chini. Alikuwa mpole, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Madame Carine alipewa kiti chenye mgongo. Faida alipewa benchi.

Madame Carine alisema kwanza, na alisema sana. Hakuwa na kawaida ya kununua vitu kwenye simu, na mara moja tu alipojaribu wamemfanya mjinga mbele ya wageni.

"Chef, huyu asilale kwake leo," akamalizia, akicheka kidogo. "Tukibaachilia hivi, kesho batatuuzishia mawe."

Faida akaeleza habari ya verini. Alieleza kwa utaratibu, kama alivyofanya kila kitu: turnavisi, tone, skrubu. Alikuwa amekuja na chupa yenyewe na pawabanki mpya. Akaifungua mbele yao, tone likaonekana.

Chef Bruno alivua miwani.

"Unatiaka hii alama ku zote?"

"Ku zote, chef."

"Mukono ya nani?"

"Yangu mwenyewe."

"Hata ikuwe fasi ya mbali, ukiiona utaitambua?"

"Hata mbali, chef. Yenye haina alama haikutoka kwangu. Yenye iko nayo, ni yangu."

Madame Carine aliacha kucheka. Alimtazama chef, kisha akatazama droo ambayo mkono wa chef ulikuwa umekwenda kupumzika juu yake. Bila kuulizwa akasema pengine ni mtumishi wa nyumbani aliyebadilisha. Akasema yamekwisha, ataifuta picha. Alisimama, akakusanya mkoba wake, na alipofika kwenye benchi akainama kama anayetengeneza kiatu.

"Maman, tuende sisi bote," alinong'ona. "Acha hiyo karatasi."

Faida alidhani anaikimbia kashe.

"Nilikuya juu ya karatasi," akajibu, kwa sauti, ili chef asikie.

Madame Carine akatoka bila kuaga.

Chef alimwacha aandike mwenyewe. Alimsaidia maneno tu: pawabanki zote zenye tone jekundu chini ya skrubu zimetoka kwangu, nimezitia alama kwa mkono wangu. Sahihi. Kidole gumba. Kashe ilishuka mara mbili, mara moja kwa karatasi ya ofisi na mara moja kwa nakala yake. Faida akaipiga picha palepale, akamtumia Zabibu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alihisi njaa.

Aliposimama, chef alimwomba akae kidogo. Mlango ukafungwa kwa nje.

Kutoka kwenye droo ulitoka mfuko wa plastiki. Mlikuwa na pawabanki tatu za kijani zenye matope makavu, moja imeungua pembeni. Skrubu zao zilikuwa zimekwisha kutolewa. Chef alizipanga mezani moja moja, chini juu, na katika kila tundu mlikuwa na tone jekundu, safi kama siku Faida alipoliweka.

"Zilitoka mu pori, kule juu ya Bunyakiri," alisema. "Ku batu ya bunduki benye tunatafuta. Mwezi muzima tunauliza, nani anabapelekeaka hizi." Akagusa karatasi. "Leo amekuya mwenyewe, na miguu yake."

Faida alisema anauza kwa yeyote. Anaweka picha, mtu anajibu, motari anapeleka. Alijisikia akieleza vizuri, kwa utaratibu uleule, na safari hii chef hakumwuliza kitu. Faida hakusema kwamba za rangi ile aliuza tatu tu, zote kwa mwalimu Tambwe, aliyeteremka kutoka Bunyakiri na koti lililolowa, ili shule ichaji simu za watu siku ya soko na kununua chaki.

"Fungua simu," alisema chef.

Alifungua. Ilikuwa inatetemeka. Zabibu alikuwa ameweka karatasi katika grupu, pamoja na kashe: Maman Faida ni mutu wa kweli, bintu yake iko na alama, munuuwe bila woga. Watu walikuwa wakimpongeza. Rosette wa Mumosho: uko na ingine? Idrissa: niwekee mbili. Jacques wa Miti alituma viganja vilivyokutana. Kila jina lilipotokea, chef aliliandika kwenye karatasi mpya, bila haraka.

Kisha kalamu ikasimama. Akasoma kwa sauti ujumbe uliokuja kwa Faida peke yake:

"Maman Faida, Mungu mukubwa, nimeona karatasi. Zile tatu balituiba na bintu yote ya masomo. Uko na zingine? Ni mimi mwalimu Tambwe."

"Bote banasemaka balibaiba," alisema chef. Akaigeuza simu, akaisukuma mpaka ikagusa chupa ya verini. "Mujibu. Mwambie ziko. Akuye azikamate hapa."

Faida alikuwa na sifa ya kuwajibu wateja kabla dakika haijapita. Kidole chake kilibaki hewani juu ya kioo. Kule Bunyakiri, alama mbili za buluu zilikuwa zimekwisha kumwambia mwalimu kwamba ujumbe wake umesomwa.

Chini ya jina la Tambwe neno likatokea, likapotea, likatokea tena: anaandika.