Aya ya Nane

"Umeuza figo za mdogo wangu kwa bia!" Lorna hakupunguza sauti, ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Taratibu, mama," alisema Curtis Haugen, akibandua kifuniko cha kahawa yake. "Hakuna aliyeuzwa. Tumepeana. Jimbo jirani wanaruhusu bia yetu iuzwe madukani kwao, sisi tunauacha mkataba wa hospitali ufe. Ndiyo kazi ya idara hii."

"Tumepeana! Wewe umetoa nini chako?"

Curtis alikuwa mkurugenzi wa idara ya jimbo inayoshughulikia uhusiano na serikali nyingine, na Lorna Pidhirny alikuwa ofisa wake wa siku nyingi. Lorna alizaliwa Birchfold, mji uliopasuliwa katikati na mpaka wa majimbo mawili. Upande wa kwao kuna maghala ya ngano na kanisa. Hospitali iko ng'ambo ya barabara, kwa majirani. Mdogo wake, Orest, huvuka barabara hiyo mara tatu kwa wiki kwenda kusafishwa damu. Mkataba unaowaruhusu watu wa kwao kutibiwa huko ukifa, hospitali ya jimbo lao iko mwendo wa saa tatu, na Januari theluji hufunga njia bila kuuliza nani mgonjwa.

"Kutakuwa na basi la wagonjwa," Curtis alisema.

"Lipi? Lile mlilolifuta mwaka jana?"

"Hilo walilifuta Wizara ya Uchukuzi, si sisi."

"Basi Orest akifia njiani nitawaambia Uchukuzi waje wamzike."

Curtis akacheka kidogo, kisha akaona anacheka peke yake.

"Na mawaziri wa majimbo hata hawajakutana," Lorna akaendelea.

"Hawajakutana, ndiyo. Umeanza kazi leo?"

Lorna alijua. Tamko la pamoja huandikwa na maofisa kabla mawaziri hawajapanda ndege. Mawaziri huja kula samaki wa samoni na kupigwa picha. Aya ya nane ilikuwa imeshasema kwamba walijadiliana kwa kina na kukubaliana kwa moyo mmoja kuhusu bia na hospitali.

Simu ya mezani ikalia. Maofisa wa majimbo yote walikuwa wanaingia kwenye mkutano wa simu wa kupitisha tamko. Utaratibu ulikuwa wa zamani: mwenyekiti anasoma aya, anayenyamaza amekubali. Jimbo moja likipinga, aya inaondolewa na mambo yanabaki yalivyo mpaka mkutano wa mwaka unaofuata. Kila jimbo lina mdomo mmoja, na mdomo wa jimbo lao ulikuwa Lorna, maana Curtis aliona kazi hiyo inachosha.

"Kaa," Curtis alinong'ona. "Kazi yako leo ni kunyamaza. Ukifungua mdomo, kiti hicho usikirudie."

Aya ya kwanza ikapita. Ya pili. Lorna alimkumbuka Orest alivyomtania Krismasi, mkono ukiwa na plasta: "Dada, ninyi wakubwa mnajadiliana wee. Mimi najadiliana na sindano tu, na yenyewe hainisikilizi." Wote mezani walicheka, akiwemo yeye.

"Aya ya nane," mwenyekiti alisema. "Kuna pingamizi?"

Curtis alinyoosha mkono kuzima sauti. Lorna akaivuta simu kwake.

"Lipo. Jimbo letu linaipinga aya ya nane. Iondolewe."

Curtis aliinamia simu, kisha akarudi nyuma. Jimbo halibishani na lenyewe mbele ya wageni. Kanuni hiyo ni yeye aliyemfundisha Lorna.

"Imeondolewa," mwenyekiti alisema kwa sauti kavu. "Aya ya tisa, utalii."

Lorna alivua kitambulisho chake shingoni, akakiweka juu ya kifuniko cha kahawa, akachukua koti.

"Mwakani itarudi tu," Curtis alisema kwa meno yaliyobanwa. "Na atakaa mwingine hapo, atanyamaza."

"Najua," Lorna alisema. "Lakini Orest atakuwa amepata mwaka."

Akashuka kwenda kuchomoa waya wa umeme uliokuwa ukiipasha joto injini ya gari lake isigande kwa baridi.