Kuku Anakunywa Nini?

Mkahawa ulikuwa na meza kumi na mbili, na mtu aliyeujua mvinyo kuliko wote mle ndani alikuwa hajawahi kuonja hata tone. Alikuwa muosha vyombo. Wenzake walimwita Mzee Lawama, kwa sababu hapakuwa na baya lolote duniani ambalo hakujua ni mkubwa gani wa kulaumiwa. Maji yakikatika, wakubwa. Sabuni ikikataa kutoa povu, wakubwa. Jua likichoma kupita kiasi, basi wakubwa walijua mapema na wakanyamaza.

Alikuwa na sababu zake. Miaka minne nyuma mkewe alizidiwa asubuhi, na gari la wagonjwa halikuja, kwa kuwa lilikuwa limetumwa kubeba maua ya kumpokea mheshimiwa fulani. Tangu siku ile, mtu akimwambia "wakubwa wameamua", yeye husikia harufu ya maua.

Marehemu alikuwa mpishi wa shule. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hili alilirudia mpaka likaota mizizi: "Sahani haisemi uongo. Mtu atakusifia chakula kwa adabu tu. Wewe subiri uone sahani ikirudi."

Basi mzee akawa anasubiri kuona. Sinki lake lilitazamana na kidirisha ambacho wahudumu walipitishia trei kutoka ukumbini, sahani na glasi za meza moja zikiwa pamoja. Kabla ya kumwaga kitu, aliangalia kwanza. Hakuna aliyemtuma, ni mazoea tu, kama mtu anayesoma gazeti la jirani.

Miezi miwili iliyopita meneja, kijana wa tai nyembamba na viatu vinavyolia, alibandika kadi ukutani. Kadi ilisema kila chakula kiende na glasi ya mvinyo gani. Kuku wa pilipili aende na mwekundu mzito. Samaki wa kukaanga, mweupe mtamu. Baga, mweupe mkavu, ule usio na utamu.

"Imetoka juu," meneja alitangaza. "Imeandikwa na mtaalamu."

"Huyo mtaalamu amewahi kula hapa?" mzee aliuliza.

"Mzee, wewe osha vyombo."

Akaosha. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni wa kadi ile walirudi kwenye kidirisha kila jioni. Glasi ya mwekundu ya mla kuku ilirudi imejaa hadi shingoni, imezungukwa na glasi tatu za maji, kama mgonjwa na wauguzi wake. Mzee akaimwaga kwenye ndoo, akasikitika. Mvinyo wenyewe hakuwa na habari nao. Kilichomuuma ni kitu kizuri kumwagwa kwa amri.

Kisha binti yake wa pekee akapata kazi pale ya kuhudumia meza, miezi mitatu ya majaribio. Wiki ya kwanza alichanganya trei: mla kuku akapewa ule mweupe mtamu wa baridi, mla samaki akabaki anashangaa mbele ya mwekundu. Binti alipokimbia kurekebisha, mla kuku alikwisha maliza. Glasi ilirudi imekauka kama kisima cha kiangazi.

"Ehe!" alisema mzee peke yake, mikono povuni.

Siku ile alichana kifuniko cha boksi la sabuni, akaokota kipande cha mkaa. Shule aliiachia darasa la tatu, kwa hiyo hakuandika, alichora. Alichora kuku, samaki na baga, na kando yao glasi, nyingine tupu, nyingine nusu, nyingine zimejaa. Za mwekundu alizipaka mkaa, za mweupe mtamu alizichorea muwa, zenye mapovu akazitia vitone, na za mkavu akaziacha wazi. Wateja wabishi, wale wanaoipuuza kadi na kujichagulia, ndio waliomsomesha. Baada ya wiki nne boksi lilikuwa limejaa elimu.

Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, mkahawa haujafunguliwa, binti alimjia pale sinkini akipangusa viganja kwenye aproni.

"Baba, leo ndiyo leo. Mama mwenye mkahawa anakuja saa moja na wageni wawili. Meneja amemwambia mvinyo unarudi kwa sababu mimi sijui kuuelezea. Ukirudi na leo, kesho nisije."

"Wewe? Kosa la kadi wanakubebesha wewe? Ndivyo walivyo! Mkubwa akijikwaa, anayepelekwa kwa fundi ni kiatu cha mdogo! Mwache huyo meneja aje hapa nimweleze—"

"Baba!" Binti alimshika mkono wenye povu. "Hilo ndilo ninalokuomba. Usimweleze. Unakumbuka kiwandani?"

Mzee alikumbuka. Kiwandani alimwambia msimamizi, mbele ya wageni, kwamba ile kofia yake ngumu inalinda hewa tupu. Jioni hiyohiyo alirudi nyumbani na barua.

"Leo ufunge mdomo. Uape."

"Haki ya mama yako, naufunga." Akafuta mikono. "Lakini angalia hapa kwanza."

Alitoa boksi lake nyuma ya gunia la viazi. Binti aliligeuza huku, akaligeuza kule.

"Hiki nini, kiatu?"

"Kuku huyo!"

"Mbona ana kisigino?"

"Mkia huo! Mtoto, tazama glasi, usitazame sanaa."

Mpishi, jibaba linalocheka na tumbo zima, alikuja kuchungulia. "Mzee Lawama, huyu kuku wako tukimkaanga atatoka na kamba zake." Wakacheka wote watatu. Kisha binti akatazama zile glasi, polepole, na kicheko kikamwisha. Lakini kadi ilikuwa ukutani, na meneja kauntani. Alimrudishia baba yake boksi, akaenda kuwasha taa za ukumbini.

Saa moja mama mwenye mkahawa aliingia, mwanamke mnene wa sauti ya chini, na wageni wake. Yeye aliagiza kuku wa pilipili, mgeni mmoja samaki, mwingine baga. Binti alimimina kama kadi ilivyosema, huku akieleza kwa ufasaha wote aliojaliwa. Wageni waliitikia kwa adabu. Adabu, marehemu angesema, si shibe.

Baada ya muda trei ilipenya kidirishani. Mwekundu, umejaa. Mweupe mtamu, umeguswa tu kama chai ya msibani. Mweupe mkavu, nusu. Na sahani bado ziko mezani, wageni wameomba maji.

Meneja alimfuata binti hadi jikoni, viatu vikilia. "Umeona? Nimesema nini? Huna mdomo wa kuuza. Mzee, kesho umsaidie binti yako kulala mpaka saa nne."

Mzee alifumba midomo mpaka ikawa mstari. Mashavu yalimvimba. Mpishi alimtazama kwa huruma, maana alijua ni maneno mangapi yalikuwa yanagongana mle ndani yakitafuta mlango.

Meneja alipotoka, binti alibaki ameishika ile glasi ya mwekundu. Alikwisha kufukuzwa, kwa hiyo hakuwa na cha kuogopa tena. Akaiweka chini.

"Baba, kuku anakunywa nini?"

Mzee alikuwa ameapa kufunga mdomo, hakuapa kufunga mikono. Alichomoa boksi, akagonga kidole penye kuku: mweupe mtamu, wa baridi. Akagonga samaki: mvinyo wenye mapovu. Akagonga baga: mwekundu mzito, uleule uliomkimbiza mla kuku.

Binti alimimina glasi tatu mpya. Meneja alimwona anapita, akamfuata akinong'ona, "We! Nani kakuruhusu? Kadi! Kadi!" lakini hangeweza kumkamata mkono mbele ya mwenye mali.

Jikoni walingoja. Mzee alisugua sufuria moja mpaka ikawa kioo. Mpishi alisahau kugeuza kitunguu. Hatimaye trei ikapita kidirishani: sahani tatu, glasi tatu. Mzee aliziinua moja moja kwenye mwanga. Hakuwa na cha kumwaga.

Kabla hajazishusha, mlango wa jikoni ulifunguka. Mama mwenye mkahawa mwenyewe.

"Nani amenibadilishia kinywaji?"

"Ni huyu, Mama," meneja alisema nyuma yake, kidole kimemwelekea binti. "Nilimkataza. Kadi iko wazi kabisa."

"Nauliza kwa sababu tangu nifungue mkahawa huu sijamaliza glasi hata moja nikila kuku wangu. Leo nimemaliza, na nataka nyingine."

Meneja alikohoa, kidole kikarudi kwenye tai. "Naam, Mama, mimi siku zote nimewahimiza wahudumu wawe wabunifu."

Mpishi alijificha nyuma ya mfuniko wa sufuria.

"Vizuri. Basi nieleze, samaki umempa wenye mapovu kwa nini?"

Meneja alitazama dari.

"Si yeye, Mama," alisema binti. "Wala si mimi. Ni baba."

Wote waligeuka. Mzee alisimama pale na mashavu yake, kama mtoto aliyekataa kumeza dawa.

"Mbona hasemi?"

"Nilimwapisha afunge mdomo."

"Basi mfungulie."

"Baba, nimekufungulia."

Mzee alishusha pumzi ndefu. "Mama, mvinyo siujui. Najua kinachorudi. Pilipili ni moto, na ule mwekundu nao mkali. Nani anazima moto kwa moto? Ule mtamu wa baridi unampoza mtu. Samaki ana mafuta, anataka kitu cha kusafisha mdomo. Yale mapovu ni kama sabuni—"

"Baba!"

"—sabuni nzuri! Baga ndiyo yenye nyama nzito, ndiyo inayomudu ule mwekundu. Kadi yenu imemwoza kila mtu mchumba wa mwenzake! Na huyo mnayemwita mtaalamu, aliyekaa juu huko akaandika bila hata kuchungulia sinki, mimi ningempa ndoo aimwage mwenyewe!"

"Mtaalamu ni mimi," alisema mama mwenye mkahawa.

Mpishi aliangusha mwiko.

"Nasikia," alisema mzee polepole, "una mwandiko mzuri sana."

Mama alicheka mpaka akashika meza. "Niliinakili kitabuni, mzee wangu. Kila nikishindwa kumaliza glasi nilidhani ulimi wangu ndio mshamba. Niliona aibu kusema." Akamgeukia binti. "Majaribio yako yamekwisha. Kesho uje, na keshokutwa, mpaka utuchoke. Na wewe meneja, ukibandika kadi mpya, muulize kwanza mtu wa sinki." Kisha akalichukua boksi, akalisogeza mbali na macho. "Hiki ni nini, kiatu?"

"Kuku huyo!" walijibu wote, meneja pia.

Mzee alikuwa hajui la kufanya na mikono yake. Mkubwa aliyeona aibu! Hajawahi kumkuta wa aina hiyo, na hakuwa na lawama iliyomtosha.

Binti alimgeuzia kreti, akamkalisha, akamwekea sahani ya kuku wa pilipili na glasi ya mweupe mtamu. Mzee alikula pande moja, akafuta midomo, akaonja. Kwa muda alitazama kidirisha, kana kwamba kuna mtu upande wa pili anayemsubiri aone sahani.

"Vipi, baba?"

"Umezidi baridi. Friji hii nani kaiweka juu namna hii? Lazima ni..." Alimtupia jicho mama mwenye mkahawa, akajikuna shingo. "Lazima imejiweka yenyewe."

Walirudi kwenye kazi zao. Mzee alipomaliza kula, mpishi alinyoosha shingo. "Mzee Lawama, sema kweli. Ulikuwa mzuri, au umekunywa kwa adabu tu?"

Mzee aliinua glasi, akaigeuza kichwa chini juu ya ndoo, akaishikilia hivyo wote waione. Halikudondoka hata tone.