Jina Chini ya Picha

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini, katika shule ya jioni, baada ya kushinda mchana nikibeba magunia. Kwa hiyo mwaka wa 1953, nilipokuwa nikisimamia nyumba ya wachoraji Bungoma, ndani ya lililokuwa ghala la mahindi, niliweka sheria moja: hakuna picha inayotoka bila jina la mwenyewe, na jina hilo nitaliandika mimi.

Vijana walikuwa tisa. Mmoja wao alikuwa Nyaruai, binti Kagwe. Siku Wakikuyu wa Endebess walipopakiwa na serikali kwenye malori kurudishwa kwao, kwa sababu ya vita vya Mau Mau, yeye alikuwa mtoni akichota maji. Alitembea siku mbili hadi kwetu. Mke wangu, Edah, alimfunga kitambaa, akampa jina la Kibukusu, akawaambia majirani huyu ni Nasimiyu, mtoto wa dada yake.

"Nasimiyu gani hajui kula mrenda, mboga yetu ya kuteleza?" Wilkista, mchoraji mwenzake, alikuwa akimtania. "Ona anavyouvuta kama kamba ya ng'ombe!"

Kwa makaa, Nyaruai alimchora mama yake kama alivyomwona kutoka mtoni, akiinuliwa kwenye lori, kuku kwapani, mguu mmoja bado hewani. Sijaona tena mguu kama ule. Maonyesho ya Kitale yalikuwa yamekaribia, na mshindi angepelekwa kusomeshwa uchoraji.

"Mwalimu," akaniomba, "andika Nasimiyu. Ama acha wazi."

"Nasimiyu hajazaliwa. Cheti atapewa nani?"

"Sitaki cheti. Nataka kukaa hapa."

"Wanaokuja kutazama picha hawatafuti mtu. Ni watu wa elimu."

"Huyu Mwalimu, bana!" Wilkista akasema. "Ukimnyima jina la kuandika, hata uji hanywi."

Tulicheka. Mwishowe nilimwahidi Nyaruai nitaandika Nasimiyu.

Kitale nilienda peke yangu na picha. Niliandika Nasimiyu kwenye kadi, nikaitazama chini ya ule mguu, nikaona aibu. Nikaichana. Nikaandika nyingine: Nyaruai binti Kagwe, Nyumba ya Wachoraji, Bungoma. Herufi zilikaa sawasawa kama mahindi kwenye gunzi.

Picha ikawa ya kwanza. Mzungu mmoja akatoa kijitabu, akainakili kadi. Nikadhani ameipenda kazi. Hata nilimtajia herufi moja moja, asikosee.

Nilirudi Alhamisi na cheti. Nyaruai alisoma jina lake, akakiweka mezani, akaanza kukunja nguo zake. Edah alimwambia angoje kupambazuke, atampeleka kwa dada yake Misikhu.

Askari walifika kabla hawajaondoka.

"Mimi Nasimiyu," Nyaruai alisema.

"Ni mtoto wa dada yangu," Edah akasema.

Afisa wao, si yule wa kijitabu, akatoa mfukoni ile kadi ya Kitale, akanigeukia. "Huu ni mwandiko wako?"

Ningeweza kusema sijui kuandika. Waafrika wengi wa umri wangu hawakujua, naye angeamini. Lakini sijawahi kulitamka neno hilo tangu nitoke shule ya jioni, na halikutoka.

"Ni wangu," nikasema.

Nyaruai hakunitukana. Alipanda lori mwenyewe, bila kuinuliwa.

Nilimwandikia barua kumi na nne, jina lake kamili juu ya bahasha. Zote zilirudi. Wilkista hakunitania tena. Kila picha aliyochora baada ya hapo aliibeba mwenyewe, chini pakiwa patupu bila jina, nami sikuthubutu kumwuliza.